Mkristo Ndani ya Timu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaosali kwa Kiswahili hapa Uganda: askari na polisi, wakimbizi kutoka Kongo waliopata vibarua Kampala au Nakivale, mawakala wa forodha wa Malaba na Busia, wauguzi wa Arua, waendesha boda, vijana wa mpira. Wengi huyauliza mlangoni baada ya ibada, kwa sababu mahubiri yetu hugusa sana nyumba na kanisa, na zamu ya kazi huipita juu juu. Anayejibu ni Mkristo wa kawaida, si askofu. Kama kanisa lako linafundisha tofauti juu ya pombe au siku ya ibada, lisikilize kanisa lako. Ila wizi na uonevu havina dhehebu.

Je, ni lazima niwatangazie wenzangu kwamba nimeokoka?

Hapa kwetu swali hilo hujibiwa kabla hujafungua mdomo. Wiki ya kwanza kazini mtu atakuuliza unasali wapi, na ukishajibu amekupanga: Mkatoliki, Mprotestanti, mlokole, Msabato, Mwislamu. Kujulikana dini si kazi. Kazi ni kile watakachoongeza wakishaitaja. "Yule mlokole, mpe funguo za stoo" ni ushuhuda. "Yule mlokole, usimwachie simu yako" nao ni ushuhuda.

Maadui wa Danieli waliipekua kwanza kazi yake ya serikali wakitafuta kosa. Walipolikosa, ndipo wakaamua kumtafutia sababu kwenye sala zake (Danieli 6). Napenda utaratibu huo. Wanaokuchunguza waanze na kazi, wakose cha kusema. Mtu akikuuliza mwenyewe kwa nini hukukasirika siku ile, mjibu kwa upole kama Petro alivyoagiza (1 Petro 3:15), kisha nyamaza umpe nafasi. Wengi wetu tukiulizwa swali la dakika moja tunajibu mahubiri ya nusu saa, na hatuulizwi tena.

Tunaomba pamoja kila asubuhi. Meneja ametukataza. Tumtii Mungu au mwanadamu?

Polepole na andiko hilo. Mitume walilisema walipokatazwa kabisa kufundisha kwa jina la Yesu (Matendo 5). Ninyi mmekatazwa kutumia chumba cha mikutano saa mbili asubuhi, wateja wakiwa wamepanga foleni.

Kuna kisa cha hapa hapa. Mwaka 1941 Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker kule Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26. Walikuwa vijana wa uamsho, Balokole, waliokuwa wakiamka alfajiri sana kuomba na kuhubiri. Mkuu wa chuo alipiga marufuku mikutano hiyo, nao wakaendelea. Mmoja wao, William Nagenda, baadaye alikuwa mhubiri aliyejulikana mbali nje ya Uganda. Walokole hukisimulia kisa hiki kama ushindi mtupu. Mimi naona pande mbili. Moto wao ulikuwa wa kweli, na kanisa lilikuwa limepoa. Lakini bweni ni mahali pa watu wengi, na aliyelala kitanda cha pili naye ana haki ya usingizi wake. Jambo moja sibishani nalo: waliokaidi amri walilipa gharama wenyewe, hawakumtwisha mtu mwingine.

Kwa hiyo ombeni dakika kumi kabla ya saa ya kazi, hata kama ni nje chini ya mti, na saa ikifika kila mtu awe mahali pake. Asiyekuja asihesabiwe msaliti. Na kama timu yenu hufungua vikao kwa sala, kama ofisi nyingi za Uganda, watazameni walioko mezani. Sensa ya 2014 ilihesabu Wakatoliki karibu asilimia 39, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14 na Wapentekoste 11. Pokezaneni. Mwislamu akifungua kikao leo, wewe fungua wiki ijayo. Sala iwe fupi, tena usimhubirie bosi kwa kujifanya unaongea na Mungu. "Bwana, waguse wanaochelewesha mishahara yetu": kila mtu mezani anajua jiwe limerushwa wapi.

Timu yetu hugawana pesa zinazotolewa na wateja. Nikikataa fungu langu nitaonekana mpelelezi. Nifanye nini?

Hakuna swali linaloulizwa sana kuliko hili. Linatoka mpakani, linatoka barabarani, linatoka maofisini, linatoka hata wodini ambako mgonjwa huambiwa glavu zimekwisha mpaka atoe kitu.

Wahubiri wengi huongea kana kwamba Mkristo hufuatwa gizani na mtu mwenye bahasha. Kwa kawaida haiendi hivyo. Pesa hupokelewa na mmoja, huingia kwenye droo, na jioni hugawanywa: karani, mlinzi, msimamizi, na sehemu ya "wakubwa". Wengine huita chai, wengine njawulo. Ukikataa fungu lako, wenzako wamepata shahidi kati yao ambaye mikono yake ni safi. Hilo ndilo linalowasumbua, kuliko hiyo pesa. Wengi wao hawakuchukii, wanakuogopa, na ukiielewa hofu yao utajua namna ya kusema nao.

Yohana Mbatizaji aliulizwa swali hili na watu wa kazi hizi hizi. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoagizwa. Askari aliwaambia wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, na watosheke na mshahara wao (Luka 3:12–14). Hakumwambia hata mmoja aache kazi ahamie naye jangwani kula nzige. Aliwarudisha kwa wenzao wale wale, kwenye meza zile zile, wakiwa na sharti jipya. Nadhani kujiuzulu kungekuwa rahisi zaidi.

Sema mapema, kabla fungu la kwanza halijakufikia. Zungumza faraghani na yule anayegawa, kwa sentensi moja: "Mimi fungu langu usilitoe." Usiongeze mstari wa Biblia, wala usimwite mtu mwizi. Usilichukue kwa nia ya kulipeleka kanisani au kumlipia yatima ada. Likipita mkononi mwako umeshaingia, na huyo yatima hakuomba alishwe na rushwa. Usikubali pia ule ujanja wa "tutakuwekea tu". Kama umekuwa ukila na wenzako kwa muda kisha ukaokoka, una mazungumzo magumu zaidi, maana unakataa kile ulichokisifia jana. Waambie hivyo hivyo ilivyo.

Kisha uwe wa kwanza kwenye mizigo ya halali. Anayekataa mgao, halafu anachelewa zamu, anaacha faili nusu na hachangii hata sukari ya chai ya kweli ya saa nne, wenzake watamwona mwenye majivuno tu. Kaa nao, kula nao, nenda nao mazishini. Utajaribiwa. Unaweza kuhamishwa dirisha, unaweza kupewa zamu mbaya. Jambo linalosaidia kuliko yote ni kumpata mwenzako mmoja mwenye msimamo kama wako, hata akiwa Mwislamu. Wawili hawatishiki kama mmoja.

Na kuripoti je? Uganda ina Sheria ya Kuwalinda Wafichua Maovu ya mwaka 2010, na ofisi ya IGG, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, hupokea malalamiko. Sheria ipo, lakini kuishi kila siku katika ofisi ya watu sita baada ya kuripoti ni jambo jingine, na mtu asiingie humo akidhani karatasi itamfunika. Mimi huuliza: anayeumia ni nani, na anaumia kiasi gani? Dereva aliyetoa hela ili lori lisogezwe mbele ya foleni amedhulumu wenzake na amedhulumiwa. Mama anayeachwa bila kuhudumiwa kwa kukosa hela ya glavu anaweza kufa. Dawa za hospitali zinazouzwa nje, basi linalopitishwa bila breki kukaguliwa: hayo usilale nayo. Andika tarehe na ulichokiona, tafuta mtu wa kwenda naye, na mwende.

Mwenzangu ameniomba nimsainie kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina ili apate alawansi. Ni jambo dogo, sivyo?

Ni wizi wenye mwandiko wako. Mwambie hapana, na kama ana shida ya pesa mkopeshe zako.

Mchungaji anataka tuwe kwenye kesha kila Ijumaa, na Jumamosi alfajiri nina zamu.

Lala. Najua jibu hili halipendezi, kwa hiyo nitalieleza. Muuguzi aliyekesha akimsifu Mungu, kisha akasinzia wodini saa tano asubuhi, amemwachia mwenzake wagonjwa wake wote. Dereva aliyekesha anabeba watu kumi na wanne kwenye taksi. Sadaka ya kesha hiyo imelipwa na watu ambao hawakuulizwa. Paulo aliwaandikia watumwa wa Kolosai kwamba kazi yao waifanye kwa moyo, kama kwa Bwana (Wakolosai 3:23), yaani zamu yenyewe tayari ni ibada na inahitaji macho yaliyofunguka.

Chagua makesha ya siku ambazo kesho yake huna kazi. Mchungaji mwenye busara ataelewa. Asipoelewa, mwalike siku moja aje aone kazi yako.

Nina haki ya kutofanya kazi Jumapili? Na Msabato je?

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi asifanyishwe kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya mapumziko. Siku hiyo kwa kawaida ni Jumapili, lakini inaweza kuwa nyingine kwa makubaliano au desturi ya kazi yenyewe. Kwa hiyo una haki ya kupumzika, lakini usiichukulie kuwa lazima iwe Jumapili. Hospitali haifungwi, na mpaka haufungwi.

Kwa Wasabato njia imekuwa na miiba zaidi. Wanafunzi Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere walipinga mahakamani kufundishwa na kufanyishwa mitihani Jumamosi, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliamua dhidi yao. Ndiyo maana nasema: kabla ya mwanasheria, zungumza na timu. Danieli alipotaka chakula tofauti hakugoma. Alimwendea msimamizi kwa heshima akaomba jaribio la siku kumi (Danieli 1). Nenda kwa anayepanga zamu ukiwa na pendekezo mkononi: "Nipe Jumamosi, nami nitachukua Jumapili zote." Hilo hubeba uzito kuliko barua ya kanisa.

Na kubadilishana kuwe kwa pande mbili. Kama Mwislamu amekushikia zamu ya Krismasi, Idi iwe yako, na umwambie mapema, asikukumbushe.

Wenzangu wengi ni wa dini na madhehebu mengine. Kuna mpaka wa urafiki?

Nenda Namugongo utazame. Tarehe 3 Juni tunawakumbuka wafiadini 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana waliouawa kati ya 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Wengi walikuwa vijana wa ikulu, na ikulu ilikuwa mahali pa kazi: waliteka maji, walilinda milango, walipeleka ujumbe. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wao, aliuawa Novemba 1885 baada ya kumkemea Kabaka kwa kuuawa Askofu Hannington. Karoli Lwanga alichukua nafasi yake ya kuwatunza wadogo. Wamisionari wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti walikuwa wakishindana mbele ya Kabaka bila aibu. Vijana wao walichomwa pamoja. Kinachosahaulika ni kwamba Namugongo hiyo hiyo, katika miaka ya 1870, Waislamu wa ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza nao waliuawa kwa ajili ya imani yao. Sababu moja ilikuwa kukataa nyama iliyochinjwa na wasio Waislamu.

Kwa hiyo mwenzako anapouliza nani amechinja kuku huyu, hafanyi maringo. Mkienda kula kama timu, chagueni mahali ambapo kila mtu anaweza kula. Nyama ya nguruwe ni tamu, sikatai, lakini ina siku yake na watu wake. Paulo alisema wazi tusimkwaze mtu kwa ajili ya chakula (Warumi 14). Mpaka upo kwenye ibada: huhitaji kuswali swala isiyo yako ili uonyeshe upendo, wala yeye hahitaji kusema "Amina" ya nguvu ili abaki rafiki yako.

Mkubwa anamwonea mwenzetu. Nikisema nitafukuzwa. Nikae kimya?

Msiseme mmoja mmoja. Mapema Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Idi Amin barua kulalamikia uonevu na mauaji. Waliandika pamoja. Tarehe 16 mwezi huo waliitwa Kampala. Wengine wakaruhusiwa kuondoka, Luwum akaambiwa abaki. Wenzake hawakuharakisha kwenda kwenye magari. Wapo waliomsubiri nje mpaka walipoamriwa waondoke. Luwum aliuawa siku hiyo, na leo 16 Februari ni sikukuu ya taifa. Kila mwaka tunamsifu yeye, na inafaa. Mimi huwafikiria pia wale waliokataa kuondoka.

Kazini kwenu hakuna Amin, kuna msimamizi. Andikeni barua moja, majina yote chini, yapangwe kwa alfabeti ili asijulikane aliyeanza. Elezeni tukio, siyo tabia ya mtu.

Dada wengi wanauliza juu ya mkubwa anayewashikashika au anayedai mapenzi ili mkataba uongezwe. Dada, utii wa Kikristo hauhusiki hapo hata kidogo, na yeyote anayekuambia "mwombee tu" amekutupa. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kazini. Kuna ofisa wa kazi wilayani. Weka ujumbe wote wa simu, usifute kwa hasira. Na wanaume wa timu, msisubiri dada aombe msaada. Mkijua bosi humwita ofisini jioni, mmoja wenu awe na sababu ya kuwa pale.

Nimegombana na mwenzangu. Mathayo 18 inafanya kazi ofisini?

Hatua ya kwanza inafanya kazi popote: mwendee peke yake. Timu nyingi huanza na hatua ya mwisho, yaani kundi la WhatsApp. Mtu anaandika "kuna watu humu wanajijua", watu kumi na mmoja wanajishuku, na aliyekusudiwa hata hajasoma.

Sisi tuliolelewa na uamsho tuna ugonjwa wetu. Tulifundishwa kutembea nuruni, kutubu waziwazi, kupatana kabla jua halijazama. Ni urithi mzuri, umepatanisha watu wengi katika nchi hii. Lakini kuna mtu husimama mbele ya wote akasema, "Ndugu, nilikuwa na uchungu juu yako kwa ajili ya uvivu wako, nimekusamehe." Mwenzake hakujua hata kama ameshtakiwa, na sasa ofisi nzima imeambiwa ni mvivu. Huko ni kushtaki kwa sauti ya toba. Tubu ya kwako. Ya mwenzako mpelekee yeye mwenyewe.

Wakati mwingine hamtapatana haraka. Paulo na Barnaba walikosana vikali juu ya Yohana Marko, kila mmoja akashika njia yake (Matendo 15), na kazi ikaendelea pande mbili. Kazini mnaweza kugawana majukumu kwa heshima hata kama bado hamli sahani moja.

Timu yetu ina makabila mengi. Kuna ubaya tukiongea lugha yetu?

Hakuna ubaya wowote, mpaka anapoingia asiyeijua nanyi mkaendelea kucheka.

Kanisa la kwanza karibu livunjike kwa jambo hili. Wajane waliozungumza Kiyunani walikuwa wakisahauliwa kwenye mgawo wa chakula wa kila siku, na manung'uniko yakaanza. Mitume hawakuwahubiria umoja. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgawo, na ukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani (Matendo 6). Yaani sufuria ilikabidhiwa kwa upande uliolalamika. Timu ngapi za Uganda zingethubutu? Tazama nani anashika pesa ya chakula kwenye timu yenu, nani anapanga zamu, na kama wote wanatoka kijiji kimoja, mmeshajua manung'uniko yatatoka wapi.

Nasi wa Kiswahili tuna la kujichunga. Serikali ilipitisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima mashuleni, na wengi wetu tulishangilia. Lakini kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili bado kina sauti ya askari anayegonga mlango usiku enzi za Amin na Obote. Mama wa miaka sabini akishtuka unapomsalimia "Shikamoo", mwambie "Gyebaleko nnyabo". Haikugharimu kitu.

Timu ikimaliza kazi hukaa kwenye chungu cha malwa, pombe ya ulezi. Niende?

Nenda, kaa, agiza soda. Ukienda Tororo au Teso, watu wakizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, ndipo mambo ya kazi husemwa kweli. Anayekosekana daima hukosa pia habari za nani amefiwa na nani hajalipwa. Kama dhamiri yako au historia yako na pombe haikuruhusu hata kukaa hapo, usiende, na usijieleze sana. Mkatoliki mwenzako akivuta mrija wake usimtazame kwa huruma. Na ukiondoka, msindikize yule aliyezidiwa. Hiyo ndiyo kazi ya mnywa soda.

Timu yetu ya mpira inachangishana hela za mganga kabla ya fainali. Zawadi ni ng'ombe.

Usichange, na usiseme kwa sababu "haifanyi kazi". Useme kwa sababu tegemeo lako liko kwingine. Kapteni ataudhika, hasa mkifungwa, maana lawama itakuwa imeshapata mwenyewe. Vumilia hilo, na ukimbie uwanjani mpaka pumzi iishe.

Kuna mtego wa pili ambao Wakristo hawauoni. Ukikataa mganga halafu ukapaka mafuta ya upako kwenye nguzo za goli, umebadilisha duka tu. Mlinda mlango wa wapinzani naye huenda amesali Jumapili. Omba msiumizane, omba msimtukane refa, na mfanye mazoezi ya penalti.

Michango haiishi: harusi, mabugo ya msiba, wagonjwa. Nitoe yote na fungu la kumi pia?

Msiba usiukwepe, hata kwa elfu mbili. Harusi toa kadiri ya uwezo, na usitangaze ahadi usiyoweza kuilipa ili jina lisomwe. Fungu la kumi lisiwe sababu ya kukwepa deni la mwenzako kazini. Anayekudai anajua unasali wapi.

Mimi ndiye kiongozi wa timu. Naweza kuajiri waliookoka tu?

Sheria inakataza kubagua kwa dini katika ajira, na hata isingekataza, fundi bomba mlokole asiyejua kazi atakuachia nyumba yenye maji. Ajiri anayejua na anayeaminika. Kisha walipe siku mliyokubaliana. Yakobo ana maneno makali kwa mwajiri aliyezuia ujira wa vibarua (Yakobo 5:4), na sijawahi kuona yamebandikwa ukutani kwenye ofisi ya bosi yeyote aliyeokoka.

Nataka kuhama timu. Ni kukimbia msalaba?

Inategemea, lakini mara nyingi hapana. Watu huhama kwa ajili ya mshahara, watoto, afya au mkubwa asiyevumilika, na sababu hizo ni halali. Usiseme "Bwana ameniambia" kama ni mshahara uliokuambia. Toa notisi. Sheria inataka wiki mbili kwa aliyefanya kazi kati ya miezi sita na mwaka, mwezi mmoja kuanzia mwaka hadi miaka mitano, miezi miwili kuanzia mitano hadi kumi, na mitatu kwa aliyezidisha hapo. Usitoweke siku ya mshahara. Andika kwenye karatasi kazi zilizobaki, nani anadai, nani anadaiwa, nywila ziko wapi, umkabidhi anayekupokea funguo mbele ya shahidi, msaini wote watatu.